Jina la Uvimbe: Kutoka kwa Kaa wa Matabibu wa Zamani Hadi Alama za Jeni



Wapenzi wasomaji wetu, mabiarusi watarajiwa, na mama zetu mnaotusoma baada ya Isha nyumba ikishatulia, leo singo, hina na udi tunaviweka kando. Tunataka kuzungumza jambo ambalo mara nyengine singo yenyewe ndiyo inayolifichua. Somo anapomsinga biarusi, mkono wake hupita mwili mzima, na hutokea ukakuta kinundu kwenye ziwa. Hapo chumba kizima hunyamaza. Mmoja atasema ni tezi za usichana, zitaondoka akizaa. Mwengine atasema ni kijicho cha watu. Wa tatu atasema lisitajwe mpaka harusi ipite. Na yupo ambaye hatosema kitu, lakini moyoni ameshasema saratani, na machozi yanamlengalenga.

Wote wanne wamekipa kinundu jina bila ya kukijua. Hatuwalaumu, maana hata matabibu wakubwa wa dunia walifanya hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Waliangalia, wakagusa, wakataja jina, kisha wakatibu kwa jina hilo. Jina likiwa sahihi, mwanamke alipata nafasi ya kupona. Likiwa si sahihi, alikatwa ziwa bila ya haja, au aliachwa na ugonjwa unaoua huku akiambiwa si kitu. Historia tunayoisimulia leo ni ya namna jina hilo lilivyotafutwa, kwa macho, kwa hadubini, na sasa kwa alama zilizomo ndani ya seli zenyewe.

Kaa, na tabibu wa Andalusia

Neno letu saratani limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni kaa. Wagiriki kabla yao nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, na kansa, neno la Kilatini, ni kaa huyo huyo. Lugha tatu, mnyama mmoja. Matabibu wa kale waliona mishipa iliyovimba kuzunguka donge ikawakumbusha miguu ya kaa. Kwa hivyo jina la ugonjwa lilitokana na kile jicho lilichokiona kwa nje, na kwa karne nyingi hapakuwa na njia nyengine.

Katika Waislamu waliouandika ugonjwa huu, tunamtaja Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyeishi karibu na mji wa Cordoba, Andalusia, na kufariki mwaka 1013. Kitabu chake kikubwa, al-Tasrif, kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji, yenye michoro ya visu, koleo na vyuma vya kuchomea. Sehemu hiyo ya upasuaji ilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na ikasomwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Kuhusu saratani alisema kwamba ikiwa mahali ambapo inaweza kuondolewa yote, kama kwenye ziwa, na ikiwa bado changa na ndogo, ijaribiwe kukatwa. Lakini ikiwa imekuwa kubwa na ya siku nyingi, iachwe. Akakiri kwa uaminifu kwamba ya namna hiyo hakuwahi kuiponya, wala hakumuona aliyeiponya kabla yake.

Tazameni alivyopima. Alikuwa na vipimo viwili tu, ukubwa wa donge na umri wake. Hakuwa na namna ya kujua donge hili ni la aina gani. Hata hivyo, shauri lake la kuwahi mapema limebaki kuwa sahihi miaka elfu moja baadaye.

Mwanamke aliyekatwa bila ya ganzi

Mwaka 1811, mjini Paris, mwandishi wa Kiingereza Fanny Burney alikatwa ziwa akiwa macho. Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaanza kutumika katika upasuaji. Aliyemkata alikuwa Dominique-Jean Larrey, daktari maarufu wa majeshi ya Napoleon. Fanny alipewa kinywaji cha mvinyo kumtuliza, akafunikwa uso kwa kitambaa chepesi, na kupitia kitambaa hicho akakiona kisu. Miezi kadhaa baadaye alimuandikia dada yake barua ndefu, na barua hiyo ipo mpaka leo. Ni miongoni mwa maelezo machache ya zama hizo ambayo mwanamke mwenyewe ameeleza alichofanyiwa.

Fanny alifariki mwaka 1840, akiwa na miaka 87. Yaani aliishi zaidi ya miaka 28 baada ya kukatwa. Ndipo wanahistoria wa tiba wanapouliza: ilikuwa saratani kweli? Huenda ilikuwa, na Mwenyezi Mungu akamjaalia umri. Huenda pia lilikuwa donge lisilo na madhara, na mateso yale yote hayakuhitajika. Hakuna wa kujibu, kwa sababu nyama iliyotolewa haikutazamwa na mtu yeyote kwa hadubini. Madaktari na wanafunzi wao, jumla yao saba, walikuwapo chumbani siku ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na njia ya kujua kwa hakika wanakata nini.

Uvimbe wenye majani

Haikupita miaka 30 tangu siku ile. Mjini Berlin, mwaka 1838, mwanasayansi Johannes Müller alichapisha kazi yake juu ya umbo la ndani la uvimbe wa aina mbalimbali. Alikata vipande vyembamba akaviweka chini ya hadubini, wakati ambapo mwanafunzi wake Theodor Schwann alikuwa anakaribia kutangaza kwamba miili ya wanyama imejengwa kwa seli. Müller alionyesha kuwa uvimbe nao ni seli.

Katika kazi hiyo alieleza uvimbe mmoja adimu wa ziwa, ambao ukipasuliwa ndani yake huonekana mikunjo mikunjo kama majani yaliyobanana. Akaupa jina kutokana na neno la Kigiriki la jani, na sisi tutauita filodesi. Lakini ndani ya jina hilo alitia pia neno sarkoma, kwa maana ya uvimbe wa nyamanyama. Mwenyewe aliuona kuwa si mbaya. Waliokuja nyuma yake, sarkoma kwao ikawa na maana ya saratani kali, na jina hilo likawatisha madaktari kwa zaidi ya miaka mia. Wanawake wengi waliondolewa ziwa zima kwa uvimbe ambao, kwa sehemu kubwa ya wagonjwa, hautawanyiki mwilini. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani liliondoa neno sarkoma kwenye jina hilo. Siku hizi uvimbe huu hupangwa katika madaraja matatu: usio na madhara makubwa, wa katikati, na ulio saratani.

Mabiarusi wetu, hapa ndipo panapowahusu. Filodesi ina ndugu yake wa karibu anayeitwa fibroadenoma. Huyu ndiye uvimbe wa ziwa unaowapata zaidi wasichana na wanawake vijana, hasa kati ya miaka 15 na 35. Ni mviringo, laini, hauumi sana, na huteleza chini ya kidole. Si saratani. Wengi wanaokuta kinundu siku za kusingwa, kinakuwa ni hicho. Filodesi ni nadra mno, haifiki 1 katika kila uvimbe 100 wa ziwa, na huwapata zaidi wanawake wa miaka ya arubaini. Lakini inaweza kumpata kijana, huanza kwa kufanana kabisa na fibroadenoma, kisha hukua kwa haraka. Na isipotolewa pamoja na ukingo wa nyama nzima kuizunguka, mara nyingi hurudi.

Kwa hivyo ndugu wawili wanafanana sura, na kila mmoja ana matibabu yake. Fibroadenoma inaweza kuachwa ikaangaliwa tu. Filodesi inataka kutolewa ipasavyo. Kidole hakitoshi kuwatenganisha, na mara nyengine hata hadubini huwababaisha wataalamu, hasa kipande kilichochukuliwa kwa sindano kikiwa kidogo.

Zama za kisu kimoja kwa wote

Mwaka 1894, William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, alichapisha taarifa ya upasuaji wake mkubwa: ziwa lote, misuli ya kifua na tezi za kwapani, vyote vinatolewa pamoja. Halsted alikuwa na nia ya kuokoa maisha, na zama zake wanawake walikuwa wakija ugonjwa umeshaenea. Lakini njia yake ikawa ndiyo sheria kwa karibu miaka 80. Saratani ndogo au kubwa, ya haraka au ya polepole, ya kawaida au adimu, kisu kilikuwa kimoja. Wanawake waliokoka wakabaki na mkono uliovimba na kifua kilichobonyea. Tangu miaka ya 1970, tafiti kubwa zilizoongozwa na Bernard Fisher huko Marekani zilionyesha kwamba wengi wao wangeweza kufanyiwa upasuaji mdogo zaidi na kuishi umri ule ule.

Lakini mwaka 1896, miaka miwili tu baada ya taarifa ya Halsted, daktari George Beatson wa Glasgow alieleza jambo la ajabu. Aliwatoa vifuko vya mayai wanawake waliokuwa na saratani ya ziwa iliyokwisha kuenea, na kwa baadhi yao uvimbe ukanywea. Kwa wengine haikusaidia kitu. Beatson hakujua sababu, kwa kuwa homoni ya estrojeni ilikuwa haijagunduliwa. Swali lake likabaki wazi: kwa nini huyu na si yule?

Jibu lilianza kupatikana Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950. Elwood Jensen alitengeneza estrojeni yenye alama ya mionzi ili aweze kuifuata ndani ya mwili wa mnyama. Akaona inapita sehemu nyingi bila ya kukaa, lakini inakamatwa na kubakishwa kwenye mfuko wa uzazi. Maana yake, seli za huko zina kitu cha kuipokea. Kitu hicho kikaitwa kipokezi. Baadhi ya saratani za ziwa zina vipokezi hivyo na hulishwa na estrojeni, nyengine hazina. Wale wa Beatson walionufaika bila ya shaka walikuwa wa kundi la kwanza. Kufikia miaka ya 1970 vipokezi vikawa vinapimwa kabla ya kuamua matibabu, na tamoksifeni, dawa inayovizuia, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1977.

Hii ilikuwa alama ya kwanza ya kimolekuli ya saratani ya ziwa iliyoingia katika kazi za kila siku. Kwa mara ya kwanza daktari hakuuliza tu uvimbe unafanana na nini. Aliuliza pia ndani yake kuna nini.

Rangi ya kahawia kwenye kioo

Kupima vipokezi kwa njia ya mwanzo kulihitaji nyama mbichi nyingi na mashine za mionzi. Mlango ulifunguka Cambridge mwaka 1975, pale Georges Köhler na César Milstein walipopata njia ya kutengeneza kingamwili zinazotambua kitu kimoja tu na kuacha vyengine vyote. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Kazi yake maabara ni hivi. Kipande chembamba mno cha nyama huwekwa kwenye kioo. Hudondoshewa kingamwili ya protini inayotafutwa. Protini ikiwapo, kingamwili huing'ang'ania. Kisha hutiwa dawa ya kuonyesha rangi, na pale penye protini hutokea rangi ya kahawia. Isipokuwapo, rangi hiyo haitokei. Mtaalamu wa patholojia huhesabu na kuandika.

Kwa njia hii ikawezekana kupima pia HER2, protini ambayo Dennis Slamon na wenzake wa Los Angeles walionyesha mwaka 1987 kwamba ikizidi, saratani huwa kali zaidi. Mwaka 1998 dawa ya kuizuia, trastuzumab, iliruhusiwa Marekani, na ugonjwa uliokuwa ukiogopwa sana ukapata tiba yake maalumu. Ndiyo maana ripoti ya saratani ya ziwa leo huwa na herufi hizi: ER na PR kwa vipokezi vya homoni, na HER2. Mwenye ripoti isiyo na majibu hayo matatu bado hajaambiwa jina kamili la ugonjwa wake.

Adimu zilizojificha ndani ya jina baya

Zipo saratani ambazo majibu yote matatu ni hapana. Huitwa hasi tatu, na kwa kawaida ni kali, zinahitaji dawa nzito za kemikali. Mwanamke akisomewa jina hilo huogopa, na ana haki ya kuogopa. Lakini ndani ya kundi hilo zimejificha saratani chache adimu ambazo tabia zake ni za upole. Kuziweka zote kwenye kapu moja ni kurudi kwenye kisu cha Halsted, safari hii kwa dawa.

Mojawapo ilielezwa mwaka 1966 na madaktari McDivitt na Stewart wa New York. Walikusanya habari za watoto wachache waliokuwa na saratani ya ziwa, jambo ambalo kulisikia tu linatia baridi. Chini ya hadubini seli zao zilikuwa zimejaa majimaji yanayofanana na maziwa. Wakaiita saratani ya watoto. Baadaye ikaonekana kwa wanawake watu wazima pia, jina likabadilishwa kufuata yale majimaji: saratani ya kutoa majimaji. Wagonjwa wengi waliopasuliwa waliishi miaka mingi.

Kwa nini iwe tofauti hivyo? Mwaka 2002 watafiti wa maabara ya Poul Sorensen, Vancouver, Kanada, walichunguza seli za saratani hii wakakuta kwamba karibu zote zina kasoro moja ile ile. Kipande cha kromosomu ya 12 na kipande cha kromosomu ya 15 vimekatika na kubadilishana mahali, na jeni mbili, ETV6 na NTRK3, zimeungana kuwa moja. Chukueni mfano wa kanga. Mkichana kanga mbili na kushona nusu ya hii kwa nusu ya ile, jina litakalosomeka pale chini si la kanga ya kwanza wala ya pili. Ni maneno mapya ambayo hakuna aliyeyatunga. Seli nayo huyasoma maneno hayo mapya kama amri ya kukua bila ya kusita.

Maabara hiyo hiyo ilikuwa imeikuta kasoro hii mwaka 1998 kwenye uvimbe wa nyama laini unaowapata watoto wachanga. Yaani mahali tofauti mwilini, umri tofauti, alama moja. Na alama hiyo ikageuka kuwa mlango wa tiba. Mwaka 2018 zilichapishwa habari za wagonjwa 55, mdogo wao akiwa na miezi minne na mkubwa miaka 76, wenye saratani za aina 17 zilizoshiriki kasoro za jeni za familia hii. Walipewa dawa ya larotrectinib, na kwa takriban robo tatu yao uvimbe ulipungua. Mwezi wa Novemba mwaka huo dawa ikaruhusiwa Marekani. Iliruhusiwa kwa kufuata alama ya jeni, si kwa kufuata kiungo. Wengi wenye saratani hii ya ziwa hawaihitaji, upasuaji huwatosha. Lakini yule ambaye ugonjwa umemuenea, kulijua jina la kweli kunaweza kumfungulia njia ambayo jina la hasi tatu peke yake lisingemuonyesha.

Adimu nyengine ni adenoidi sistiki, ambayo hupatikana pia kwenye tezi za mate. Kwenye ziwa nayo mara nyingi huwa hasi tatu, na nayo kwa wengi huenda polepole. Mwaka 2009 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walionyesha kuwa jeni mbili ndani yake, MYB na NFIB, zimeungana kwa namna ile ile ya kanga zilizoshonwa vibaya. Ikawa uvimbe wa tezi ya mate na uvimbe wa ziwa, ambao mtu asingefikiri wana uhusiano, wana alama moja.

Fibroidi na fibroadenoma ni jamaa

Turudi kwa wale ndugu wawili, fibroadenoma na filodesi, kwa sababu historia yao imetuletea jambo ambalo wanawake wa kwetu wengi litawagusa.

Fibroidi, uvimbe wa kizazi, nani asiyeijua? Karibu kila ukoo una mwenye nayo. Mwaka 2011 watafiti wa Helsinki, Finland, walipima fibroidi 225 wakakuta kwamba takriban asilimia 70 zina kasoro kwenye jeni moja inayoitwa MED12. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2014, kundi la Singapore ambalo ndani yake alikuwamo Bi. Puay Hoon Tan, bingwa wa patholojia ya ziwa, lilipima fibroadenoma 98. Asilimia 59 zilikuwa na kasoro kwenye jeni hiyo hiyo ya MED12, na karibu sehemu ile ile. Baada ya hapo ikakutwa kwenye filodesi pia.

Kwa hivyo uvimbe wa kizazi na uvimbe wa ziwa la msichana, viwili vinavyoonekana havihusiani, vina asili inayokaribiana, na vyote hukua katika miaka ambayo homoni za mwanamke zina nguvu. Bibi zetu waliosema kizazi na ziwa vinasikilizana hawakuwa mbali na ukweli.

Lakini alama hii ina mipaka yake. MED12 humsaidia mtaalamu kujua kwamba uvimbe ni wa ukoo huu wa fibroadenoma na filodesi, hasa pale unapofanana na saratani nyengine kali. Peke yake haimwambii ndugu yupi ni yupi, kwa sababu wote wawili wanayo. Hapo hutazamwa alama nyengine, kama mabadiliko kwenye sehemu inayowasha jeni ya TERT, ambayo huonekana zaidi kwenye filodesi kuliko fibroadenoma. Na juu ya yote, jicho la mtaalamu kwenye hadubini bado ndilo linaloanza. Alama humthibitishia au humsahihisha, hazichukui nafasi yake.

Kopo dogo lenye formalini

Sasa tuje kwetu. Mtu atasema mambo haya ni ya Vancouver na Singapore, sisi tuko visiwani. Ni kweli kwamba vipimo vya jeni havipatikani kila mahali, na wagonjwa wengi wa Unguja na Pemba huvuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, jengo la Wajerumani lililofunguliwa mwaka 1897 na ambalo tangu mwaka 1996 ni Taasisi ya Saratani. Lakini jambo moja kubwa la kupata jina sahihi huanza pale pale kinyama kinapokatwa, kabla ya safari yoyote.

Mwaka 1893, mjini Frankfurt, daktari Ferdinand Blum aligundua kuwa formalini huifanya nyama isioze na ibakie na umbo lake. Mpaka leo ndiyo inayotumika duniani kote. Kinyama kilichotolewa kinatakiwa kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja, na kikae humo kwa saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Kikiachwa kikavu, kikatiwa maji ya kawaida, au kikakaa siku nyingi kabla ya kufika maabara, protini huharibika. Rangi ya kahawia ikikosekana hapo, huenda si kwa sababu kipokezi hakipo, bali kimeharibika. Mwanamke ataandikiwa hasi naye si hasi, na atanyimwa dawa ambayo ingemfaa.

Kinyama kikishafika salama, maabara hukigandisha ndani ya nta. Kipande hicho cha nta kinaweza kuhifadhiwa miaka mingi, na kinaweza kusafirishwa. Mgonjwa anaweza kubaki nyumbani na watoto wake, kipande chake kikaenda Dar es Salaam, Nairobi, India au Muscat kwa jamaa, kikasomwa na bingwa mwengine.

Kwa hivyo, dada zetu, yapo maswali ambayo yeyote kati yetu anaweza kuyauliza bila ya kuwa daktari. Uvimbe ukitolewa, hata ukiambiwa ni mdogo na si kitu, uliza: unapelekwa maabara? Umetiwa formalini, na saa ngapi? Ripoti ikija, omba nakala yako na uiweke pamoja na cheti chako cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa watoto. Ikiwa ni saratani, uliza majibu ya ER, PR na HER2. Ikiwa yote ni hasi, uliza kama ni aina ya kawaida au mojawapo ya zile adimu. Ikiwa umeambiwa fibroadenoma na inakua kwa haraka, rudi, usingoje.

Na kwa mabiarusi tunasema hivi. Sitara ni kumficha jirani, si kumficha daktari. Wanazuoni wetu wameeleza kwamba haja ya tiba inaruhusu kile ambacho bila ya haja hakiruhusiwi, na ukimpata daktari mwanamke, ndiyo bora zaidi. Mwambie mama, au somo, au shangazi unayemuamini, aende nawe. Kipimo cha kinyama huchukua muda mfupi kuliko kupiga hina miguu miwili, na harusi haivunjiki kwa hilo. Wengi wenu mtarudi mkiambiwa ni fibroadenoma, mtamshukuru Mola, na mtaendelea na singo yenu. Mchache atakayeambiwa jengine, atakuwa ameambiwa mapema, wakati ule ule al-Zahrawi alioutaja kuwa ndio wa kujaribu.

Somo nawe, ukikikuta kinundu, usikipe jina. Mkanye asiogope, mfunike kanga, na kesho asubuhi mpeleke kwa anayejua kukitafutia jina lake.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, awarehemu waliotutangulia, na awajaalie mabiarusi wetu afya na ndoa zenye kheri. Amin.

Wassalaam alaykum.